Barua kwa rafiki: Jengo la Soko la Kariakoo

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, nakuarifu kwamba barua yako niliipokea salama, pamoja na nakala ya picha ya marehemu mzee wako akiwa amesimama mbele ya soko la Kariakoo mwaka 1966, kikapu cha nazi kikiwa miguuni pake. Umeniuliza jengo lililo nyuma yake ni lipi, maana kila ulipokuja mjini ulilitafuta usilione. Jengo hilo lilibomolewa mimi na wewe tukiwa bado watoto wadogo, na hili unalolijua ndilo lililosimamishwa mahali pake. Nimeona nikueleze habari zake kwa kirefu, kwa kuwa kila nipitapo Mtaa wa Mkunguni huwa nasikitika kuona watu wengi namna ile wakiingia na kutoka humo pasipo hata mmoja kuinua macho.

Lile alilolijua mzee wako lilijengwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1914, nalo lilikusudiwa kuwa ukumbi wa kumuenzi Kaizari Wilhelm. Vita vikaingia mwaka huohuo, sherehe zikasahaulika, na Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakayafanya maeneo yale kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi walichokiita Carrier Corps, ambacho wenyeji walilitamka jina lake kwa namna yao hadi likawa Kariakoo. Nairobi nako mtaa wa Kariakor ulipata jina lake kutokana na wapagazi haohao. Mjini hapa tunayo Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, lakini kwa maoni yangu kumbukumbu iliyo hai zaidi ya wale waliobeba mizigo ya vita na wakafa kwa maelfu ni jina hili, ambalo makondakta wa daladala hulitaja mchana kutwa. Mwaka 1923 ukumbi ule ukaanza kutumika kama soko, na ukaendelea hivyo hadi mji ulipouzidi.

Sasa nifike kwenye jengo lenyewe. Ujenzi wake ulianza mwaka 1971 ukakamilika mwaka 1974, kwa gharama ya shilingi milioni 22 za wakati ule, na Mwalimu Nyerere akalifungua rasmi mwaka 1975. Aliyelichora ni Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo, ambaye alisomea kazi hiyo Haifa, Israeli, kisha akafungua ofisi yake mwenyewe hapa Dar es Salaam. Naomba ulipime jambo hili kwa uzito wake: nchi ilikuwa na miaka kumi tu ya uhuru, majengo makubwa ya mjini yalikuwa yamechorwa na wageni, na soko kuu la jiji likakabidhiwa kijana wa humuhumu, naye hakuiga soko la mtu.

Hekima yake yote iko juu, kwenye paa. Alisimamisha nguzo za zege, na juu ya kila nguzo akaweka mwavuli mkubwa wa zege uliogeuzwa, kingo zake zikipanda juu na kitovu chake kikishuka kwenye nguzo, mfano wa ua lililofunguka. Miavuli hiyo imepangwa mmoja kando ya mwingine, na katikati yake pameachwa nafasi ambamo mwanga hupenya na joto hupata pa kutokea. Chini yake hapakuwekwa kuta za kuziba pande zote, hivyo upepo ulipita huru. Mtu akisimama pale huona kwamba yuko chini ya miti, na huko vijijini kwetu soko lilianzia wapi kama si chini ya mwembe?

Tena miavuli ile ina kazi nyingine. Maji ya mvua hukusanyika kwenye kitovu cha kila mwavuli, yakashuka ndani ya nguzo hadi kwenye tangi lililo ardhini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi mama aliponichukua kwenda kununua mchele, mvua ya masika ikatukuta mle ndani. Watu walisogea katikati, mwanga ukafifia ukawa wa kijivu, na mama akaushika mkono wangu akaubandika kwenye nguzo. Zege lilikuwa baridi, na ndani yake nikasikia maji yakiteremka kwa mvumo mzito, ilhali mimi nimesimama pakavu. Tangu siku ile sijawahi kulihesabu jengo lile kuwa soko tu.

Chini kuna lile ghala ambalo wachuuzi wote huliita shimoni, ambako malori yalishuka na kushusha magunia ya vyakula kwa bei ya jumla. Juu yake ndipo palipokuwa na meza za rejareja, na ghorofani wauzaji wa bidhaa nyingine. Mpango ulikuwa rahisi kueleweka, kwani mzigo uliingia chini na mnunuzi aliingia juu, wasikanyagane. Lakini miaka ilivyokwenda, vizimba viliongezwa penye njia, fremu zikazibwa kwa mabati na mbao, bidhaa zikarundikwa hadi karibu na miavuli, na upepo ukakosa pa kupita. Sina lawama kwa wachuuzi, kwani kila mmoja alitafuta riziki yake, ila jengo lililochorwa liwe wazi lilifungwa kidogokidogo mbele ya macho yetu.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, likaungua. Nilifika asubuhi yake, nikasimama nyuma ya kamba pamoja na watu waliopoteza mitaji yao yote, na sikuweza kuwatazama usoni. Harufu ya mbegu na viungo vilivyoungua ilitanda hadi Msimbazi. Miavuli ilikuwa imeingia masizi, lakini ilikuwa imesimama. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa ukarabati wa soko hilo na ujenzi wa jingine jipya la ghorofa pembeni yake. Nilifurahi mno kwamba uamuzi ulikuwa kulitengeneza badala ya kulibomoa, maana kwa bei ya ardhi ya Kariakoo ingekuwa rahisi mtu kusema hapa pajengwe ghorofa ishirini. Ninachokiomba sasa ni kwamba nafasi za kati ya miavuli zisizibwe tena, na nguzo zisifunikwe.

Ukija, jitahidi iwe mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea. Njoo na picha halisi ya mzee, ile nakala imefifia upande wa kushoto. Tutaanzia Mtaa wa Swahili, tutafute pembe aliyosimama, kisha nikupeleke kwenye nguzo ile ya mama.

Wasalaam,
rafiki yako wa siku zote