Kipupwe kiwe msimu wetu wa taarab

Ndugu Mhariri,

Desemba iliyopita nilikuwa Chennai, kusini ya India, nikimuuguza mama yangu. Wazanzibari wengi wanaijua safari hiyo: hospitali, chumba cha kupanga, mkalimani, na siku za kusubiri majibu ya vipimo. Katika siku hizo za kusubiri, mwenye duka la chini ya tulipokaa aliniuliza mbona jioni sitoki na msimu umeshaanza. Nikamuuliza msimu wa nini. Msimu wa muziki, akanijibu, kama vile sisi tunavyosema msimu wa karafuu.

Mwezi wao wa Margazhi huanza katikati ya Desemba na kumalizika katikati ya Januari. Ndiyo baridi yao. Ni baridi ya watu wa pwani, ya kujifunika shuka moja usiku, haipiti kipupwe chetu. Mwezi huo mji mzima hugeuka ukumbi. Vyama vya muziki, wao wanaviita sabha, vipo kwa makumi, na kila kimoja kina ratiba yake: asubuhi na mchana vijana, mara nyingi bila kiingilio, na jioni mafundi wakubwa kwa tiketi. Nje ya ukumbi pana mgahawa wa chakula kinacholiwa juu ya jani la mgomba, na wapo wanaokuja kwa chakula tu wakaishia kubaki kusikiliza.

Nilikwenda mara nne. Mwimbaji anakaa chini, na mpiga fidla naye kakaa chini, shingo ya fidla imeegemea mguuni. Fidla ilifika kwao kutoka Ulaya zaidi ya miaka 200 iliyopita wakaifanya yao, kama wazee wetu walivyoifanya yao katika taarab. Lakini macho yangu yalikuwa zaidi kwa wasikilizaji. Karibu kila mmoja alikuwa akihesabu mapigo kwa kiganja kwenye paja na kwa ncha za vidole. Bibi mmoja pembeni yangu alimshika mjukuu wake mkono akamrekebisha hesabu, bila ya kusema neno. Hapo ndipo nilipolengwa na machozi, maana nilimkumbuka bibi yangu wa Kikwajuni aliyekuwa akinigusa bega ikianza bashrafu, ule muziki wa ala tupu unaofungua taarab, ili ninyamaze.

Msimu ule haukushuka kutoka mbinguni. Desemba 1927 chama cha siasa cha Congress kilifanya mkutano wake Madras, kama mji ulivyoitwa wakati ule, na pembeni yake ukafanyika mkutano wa muziki. Humo likapitishwa azimio la kuanzisha taasisi, na mwaka 1928 ikazaliwa Music Academy, ambayo mpaka leo hufanya mihadhara ya muziki asubuhi na mapema katika mwezi huo. Mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza Chennai katika miji bunifu ya muziki.

Sasa tujiangalie sisi. Mwaka ule ule wa 1928 mwimbaji wetu wa taarab, Siti binti Saad, alikwenda Bombay na wenzake kurikodi santuri kwa Kiswahili. Chama cha taarab cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimeshaanzishwa tangu 1905, miaka 23 kabla ya Music Academy. Culture Musical Club ipo tangu 1958. Hatukukosa vyama, wala mafundi wa kanuni na udi, ala zetu za nyuzi. Tulichokosa ni miadi: mwezi mmoja katika mwaka ambao kila mtu Unguja na Pemba anajua kuwa usiku huu taarab asilia ipo mahali fulani, na yeye anakaribishwa.

Leo tunaisikia wapi? Sikukuu za Idi, harusi chache, na mahoteli. Mwaka juzi nilikwenda kusikiliza kikundi ninachokipenda katika hoteli moja ya ufukweni. Bashrafu iliachwa. Nyimbo zilikatwa beti ili ziwahi kwisha kabla ya chakula. Wenyeji tulikuwa sita, tumesimama karibu na mlango. Siwalaumu wageni, wamekuja kula na wamekula. Uchungu wangu ni kwamba watunzi waliozipima zile beti kwa mizani hawakuzipima kwa ajili hiyo.

Matamasha ya Sauti za Busara, la muziki, na ZIFF, la filamu, nayaheshimu sana. Yameitangaza Zanzibar na yamewapa vijana wetu jukwaa. Lakini tamasha la siku chache linalotegemea wafadhili ni kitu kingine, na tuliona mwaka 2016 Busara halikufanyika kwa kukosa fedha. Msimu wa vyama unaweza kuendeshwa na ada za wanachama na kiingilio cha bei ya bakuli la urojo.

Mimi napendekeza kipupwe, Julai na Agosti. Masika yameshapita, usiku una ubaridi mzuri, na watu hawana haraka ya kurudi nyumbani. Kaskazi, miezi ya Desemba na Januari, haifai: mwaka 2030 Ramadhani itaangukia Januari na kisha tena mwishoni mwa Desemba, lakini Agosti haitafika mpaka miaka ya 2040. Usiku mmoja iwe Malindi kwa Ikhwani Safaa, mwengine Vuga kwa Culture, mwengine Ng'ambo kwa kidumbak, taarab ya mitaani ya ngoma ndogo. Wiki nzima iwe Pemba, Chake na Wete, si usiku mmoja wa kuondoa lawama. Na alasiri, kabla ya magoma, walimu na wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi watufundishe sisi wasikilizaji: katika maqamu, yaani mipangilio ya sauti, Rasti ni ipi, Bayati ni ipi, kwa nini mpiga kanuni amegeuza pale. Kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa akiwa anaimba, kubaki. Bila ya kutunza si taarab.

Jambo moja la huko tusiliige. Mwimbaji T. M. Krishna, mmoja wa wakubwa wao, alitangaza mwaka 2015 kuwa ataacha kuimba katika msimu ule kwa sababu aliona kumbi zake ni za tabaka moja la watu, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha katika kijiji cha wavuvi humo humo mjini. Sisi nasi tunaweza kuifungia taarab Mji Mkongwe tukadhani tumeihifadhi. Siti alizaliwa Fumba, na alikuwa akija mjini kuuza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti. Kwa hivyo siku za shamba ziwemo katika ratiba tangu mwaka wa kwanza.

Naomba viongozi wa vyama wakutane, hata kwenye baraza ya mtu, wapange siku 10 tu za kuanzia. Wakitangaza, nitalipa kiingilio cha siku zote 10, changu na cha mama. Alhamdulillahi amerudi mzima, na tangu nimhadithie ya Chennai kila Ijumaa ananiuliza kama vyama vimeshajibu.

Msikilizaji wa taarab,
Kikwajuni, Unguja