Maandalizi ya soka la wanawake vyuoni yaanzie kwenye goti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie timu za soka za wanawake katika vyuo vyetu, ambazo kila mwaka huanza kujiandaa kwa msimu mpya pale tu wanafunzi wanaporejea kutoka likizo ndefu. Katika chuo ninachofundisha, wasichana wanaojitokeza siku ya kwanza ya mazoezi wameongezeka tangu Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, waliposhiriki fainali za Afrika zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Ni furaha kubwa kuwaona. Lakini namna tunavyowaandaa inanitia wasiwasi, na wasiwasi wangu uko kwenye goti.

Kano ya mbele ya goti, ambayo wachezaji wengi huitaja kwa herufi za ACL, hukatika kwa wanawake wanaocheza soka takriban mara 2 hadi 3 zaidi ya inavyokatika kwa wanaume. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu yeyote: ametua baada ya kupiga kichwa, amegeuka ghafla kumfuata winga, au amesimama ghafla akiwa katika mbio, na goti likaangukia ndani. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023, Uingereza iliwakosa Leah Williamson na Beth Mead kwa jeraha hilo, na Uholanzi ikamkosa Vivianne Miedema. Hao wana klabu zinazowalipa mshahara wakiwa kitandani. Mwanafunzi wetu anayesoma shahada ya miaka 3 akiumia hivyo, hata akifanikiwa kufanyiwa upasuaji, hukaa nje ya uwanja miezi 9 au zaidi, yaani robo au zaidi ya maisha yake yote ya chuo, na katika muda huo anapaswa kupanda ngazi za hosteli kwa magongo na pengine kuahirisha mafunzo kwa vitendo.

Sasa tutazame maandalizi yalivyo. Mchezaji amekaa nyumbani miezi kadhaa bila mazoezi yoyote ya maana. Siku ya kwanza anazungushwa uwanja hadi anatapika, siku ya pili anapandishwa kilima, na baada ya wiki mbili anachezeshwa mechi ya kirafiki kwenye uwanja wenye mashimo, akiwa amevaa njumu za kuazima. Kupasha misuli moto ni mizunguko miwili na kujinyoosha kidogo huku watu wakipiga soga. Kocha anajenga pumzi, na pumzi ni muhimu, ila pumzi haimfundishi mtu kutua.

Dawa ya jambo hili haihitaji bajeti. FIFA, ikishirikiana na wataalamu, iliandaa utaratibu wa kupasha mwili unaoitwa 11+, wenye mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi: mbio nyepesi za kubadili mwelekeo, mazoezi ya tumbo na mgongo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea mbele, na lile ambalo wachezaji wangu hulalamikia kuliko yote, ambapo mmoja hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu, naye hujishusha mbele polepole kwa nguvu za misuli ya nyuma ya paja. Vifaa vyake ni mpira na koni chache. Ulipojaribiwa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wenye umri wa miaka 13 hadi 17, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu.

Wapo watakaosema kwamba hao ni watoto wa Ulaya. Basi tuangalie vyuo. Nchini Marekani, katika msimu wa mwaka 2002, timu 61 za wanawake za daraja la kwanza la vyuo, zenye wachezaji 1,435, ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja likafuata programu inayofanana na hiyo mara 3 kwa wiki, jingine likaendelea na desturi zake. Kwa msimu mzima tofauti ya jumla haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka yote, na ni haki kulisema hilo. Lakini mazoezini, kundi lililofuata programu halikupata hata jeraha moja la ACL, wakati lile jingine lilipata 6. Na katika nusu ya pili ya msimu hesabu ilikuwa 0 kwa 5.

Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Inaonyesha kwamba mwili huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuzoea kutua na kugeuka kwa usalama. Timu inayoanza mazoezi haya siku ya kufungua chuo, huku mashindano ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania, au ligi ya mkoa yakikaribia, itaingia uwanjani kabla kinga hiyo haijajengeka. Yafaa yaanze wiki 6 kabla, mchezaji akiwa bado kwao, iwe Kigoma au Lindi, kwenye ua wa nyumba au uwanja wa shule ya jirani.

Makocha wenzangu husema muda hautoshi. Ninawaelewa, kwa kuwa mara nyingi timu ya wanaume hupewa uwanja saa 10 jioni na ya wanawake husubiri hadi jua linapokaribia kuzama. Hapo ndipo ninapowaomba washauri wa wanafunzi waingilie kati: timu ya wanawake ipangiwe siku zake za uwanja katika ratiba iliyoandikwa, na mwalimu wa michezo awajibike kuhakikisha dakika hizo 20 hazirukwi, angalau mara mbili kwa wiki. Vyuo vinavyofundisha fiziotherapia vinaweza kuwatuma wanafunzi wao kusimamia mazoezi haya katika vyuo jirani, nao wangejifunza mengi kwa vitendo.

Kwa msimu ujao, naomba kila chuo kichapishe mazoezi haya kwenye karatasi moja na kumkabidhi kila mchezaji siku anapomaliza mtihani wa mwisho, kabla hajapanda basi la kwenda likizo.

Mwalimu wa michezo,
Morogoro