Sikilizeni besi kabla ya kusema wimbo umeibwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako. Ukipigwa wimbo mpya wenye tarumbeta na tumba, vijiwe vya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyakato, hugawanyika: hawa wanasema umeibwa kwa Wakuba, wale wanasema ni Kongo mtupu. Shahidi wa pande zote ni tarumbeta, nayo ndiyo inayodanganya kuliko chombo kingine, kwa sababu mtayarishaji anaweza kuibandika juu ya mdundo wowote dakika za mwisho. Mwangwi wa jazi ya Kilatini, yaani jazi iliyochanganywa na mapigo ya Kikuba, hukaa chini zaidi: kwenye besi, kwenye piano inayozunguka, na kwenye mapigo ya vijiti viwili yaitwayo klave.

Kwanza, acheni spika ya simu. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakifiki huko chini. Tumieni hedifoni au spika yenye besi ya kweli, la sivyo mnabishania nusu ya wimbo.

Kisha hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo sawa, mguu ukikanyaga kwenye 1, 5, 9 na 13. Piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ndiyo klave ya tatu kwa mbili. Makofi yakigombana na kengele na mwimbaji, usikate tamaa; huenda umeanzia nusu isiyo yake. Jaribu 3, 5, 9, 12 na 15, yaani mbili kwa tatu. Yakishakaa, fuata besi. Ya Kikuba aghalabu huikwepa 1 na kuangukia 4, 7, 12 na 15, ndiyo maana mchezaji huhisi anasukumwa mgongoni kabla mguu haujatua.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Nusu ya kwanza ya klave, ile 1, 4 na 7, imejaa kwenye midundo ya zuku, dancehall, regeton na Bongo Fleva. Peke yake haithibitishi lolote. Mapigo ya ukoo huo yalitoka Afrika ndipo yakafika Kuba, hivyo kumshitaki kijana wa Mwanza kwa sababu yake ni kumtoza mtu ushuru kwa kupita uani kwa babu yake.

Ushahidi hasa ni pale mapigo, besi na tuni vinapokubaliana. Chukueni wimbo Oye Como Va. Wengi huujua kwa bendi ya mpiga gitaa Santana, 1970. Santana aliutoa kwa Tito Puente, kiongozi wa bendi wa New York, aliyeurekodi 1962. Rudini nyuma zaidi, 1957, kwenye Chanchullo ya Israel López, yule mpiga besi wa Havana aliyeitwa Cachao: noti za mwanzo zinazojirudia zimo tayari. Pigeni rekodi zote tatu mfululizo. Kwa Santana kodi mbili, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, zinazunguka karibu wimbo mzima, na gitaa la umeme limechukua kazi iliyokuwa ya filimbi kwa Puente. Anayefuata sauti ya gitaa atadhani ni muziki mwingine kabisa. Anayefuata mzunguko ule hapotei.

Nyimbo zilizotumia kipande cha rekodi ya zamani hazina ubishi. I Like It ya Cardi B, Bad Bunny na J Balvin, 2018, imekalia wimbo wa Pete Rodríguez wa 1967, na Mambo No. 5 ya Lou Bega, 1999, imejengwa juu ya mambo ya Pérez Prado. Pagumu ni kama kwa bendi ya Steely Dan, 1974, ambayo mwanzo wa wimbo wake Rikki Don't Lose That Number unarudisha besi ya Song for My Father ya mpiga piano wa jazi Horace Silver. Hapo imba besi kwa mdomo, bila maneno. Wala usilinganishe kimo cha sauti: rekodi ikiharakishwa kwa asilimia 6 hupanda karibu nusu toni. Linganisha hatua kutoka noti hadi noti.

Kuhusu Kongo na Kuba, wanaobishana wako ndani ya nyumba moja. Wimbo wa Kikuba El Manisero ulirekodiwa New York 1930 na bendi ya Don Azpiazú, na kuanzia 1933 santuri za Kikuba za alama ya GV zikaletwa Afrika. Wanamuziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizinyonya, na Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi tunayoingojea ukumbini, ni ndugu wa montuno ya Wakuba, sehemu yao ya mzunguko unaojirudia. Tofauti inasikika: kule mzunguko unashikwa na piano, huku unashikwa na magitaa.

Tunawasihi watangazaji wa vipindi vya zilipendwa kanda ya ziwa: mkimaliza kupiga wimbo wa namna hii, tajeni aliyetangulia na mwaka wake, kisha pigeni walau sekunde 30 za rekodi ya kwanza. Nawe Mhariri, tunaomba safu yako ya muziki ifanye vivyo hivyo kwa maandishi.

Wapenzi wa muziki wa dansi,
Nyakato, Mwanza