Barua ya Wazi kwa Mabinti Waigizaji Mnaoitwa Kugombea Ubunge

Mabinti zangu,

Nawasalimu kwa heshima, nikijua kwamba mmezoea salamu za mashabiki kuliko za wazee. Kilichonifanya nishike kalamu ni mkutano mmoja wa kampeni, ambapo mwigizaji mwenye jina, msichana wa umri wa wajukuu zangu, alipandishwa jukwaani awachangamshe watu. Alicheza, akashangiliwa, na alipoanza kueleza habari za akina mama wanaojifungulia katika zahanati isiyo na maji, mshereheshaji alimpokonya kipaza sauti na kumwita mgombea. Meza kuu ilicheka. Hasira ile bado ninayo, nanyi mtaiona humu.

Ningeweza kuwatolea mfano wa hapa nyumbani, lakini mifano ya nyumbani huishia katika ubishi wa vyama. Acheni niwapeleke jimbo la Bengal Magharibi, nchini India, ambako filamu na siasa zimeoana kwa miaka mingi, ili mmwangalie mwenzenu mmoja, Mimi Chakraborty. Alizaliwa mwaka 1989 huko Jalpaiguri, kaskazini, chini ya milima ya Himalaya. Watazamaji walimfahamu mwaka 2010 kupitia tamthilia ya televisheni iliyobuniwa na Rituparno Ghosh, na kuanzia mwaka 2012 akawa mwigizaji mkuu katika filamu za Kibengali. Machi 2019, Mamata Banerjee, Waziri Kiongozi wa jimbo na kiongozi wa chama cha Trinamool Congress, alitangaza wagombea 42 wa Bunge la India, 17 kati yao wakiwa wanawake. Chakraborty, ambaye hakuwa amepanda ngazi za chama, alipewa Jadavpur, eneo la uchaguzi ambalo Banerjee mwenyewe alijipatia jina mwaka 1984 kwa kumwangusha mkongwe wa wakomunisti, Somnath Chatterjee. Chakraborty alishinda kwa tofauti ya zaidi ya kura 290,000, akiwa na umri wa miaka 30.

Siku alipofika bungeni kwa mara ya kwanza pamoja na Nusrat Jahan, mwigizaji mwenzake aliyeshinda Basirhat, walipiga picha mbele ya jengo wakiwa wamevaa nguo za kisasa, na mitandao ikawaka. Waliambiwa kwamba pale si studio ya filamu. Dev, mwigizaji wa kiume aliyekuwa mbunge wa Ghatal tangu 2014, hakuna aliyempima suruali. Jamii inayodai kuwaheshimu wanawake huanza kuwakagua kwa pindo la nguo, na hapa kwetu nasi tunafanya hivyohivyo, tena wanawake ndio tunaoongoza. Lakini nami nitawagombeza kidogo: wabunge wenzao walipokuwa wakila kiapo, hao wawili walikuwa Uturuki kwenye harusi ya Nusrat, wakaja kuapa Juni 25, siku kadhaa baadaye. Msiwape wabaya wenu silaha rahisi namna hiyo. Harusi inaweza kupangiwa tarehe nyingine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Juni 2021, wakati wa janga la korona, Chakraborty alialikwa katika kambi ya chanjo mtaa wa Kasba, jijini Kolkata. Aliambiwa kwamba ni mpango wa halmashauri ya jiji kwa ajili ya watu wenye ulemavu na makundi yaliyosahauliwa, naye akakubali achanjwe hadharani ili wengine wapate moyo. Baada ya sindano hakupata ujumbe kwenye simu, kama ilivyokuwa desturi kwa kila aliyechanjwa. Akauliza cheti, akajibiwa kwamba kitakuja baada ya siku chache. Hakuridhika, akatoa taarifa, na polisi walipochunguza wakakuta kwamba mwenye kambi ni tapeli aliyejifanya ofisa mwandamizi wa serikali, na kwamba chupa zilizobandikwa jina la chanjo zilikuwa na dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria. Watu wengi walikuwa wameshachomwa.

Hebu lifikirieni tukio hilo polepole. Tapeli alimwita mbunge kwa sababu uso wake ulikuwa unaaminika kuliko kibali chochote. Hakuhitaji maoni yake wala kura yake bungeni. Alihitaji aonekane ameketi pale, mkono umekunjuliwa, kamera zikipiga. Na kilichouvunja utapeli ule hakikuwa uzuri wake wala umaarufu wake, bali kule kuuliza karatasi iko wapi. Ndiyo maana nakereka ninapowaona mnapanda magari ya kampeni bila kuuliza lolote. Kuna nyumba ambako mgeni hutandikiwa mkeka mzuri barazani ili asiingie ndani akaona kinachopikwa. Vyama vingi huwapokea wasanii namna hiyo. Mnapewa fulana, ratiba na dereva, lakini hamwitwi kwenye kikao kinachogawa fedha. Binti akiuliza, anaambiwa, “Wewe mama, mambo hayo tuachie sisi.” Msiyaache! Ulizeni cheti, muhtasari wa kikao, jina la aliyeidhinisha, na mkijibiwa kwamba vitakuja baada ya siku chache, kumbukeni Kasba.

Mwenyeji wa siasa zile, Satabdi Roy, ambaye alikuwa nyota wa filamu za Kibengali tangu miaka ya 1980 na ameshinda ubunge wa Birbhum mwaka 2009, 2014, 2019 na 2024, naye aliandika hadharani Januari 2021 kwamba shughuli za chama zinafanyika katika eneo lake bila yeye kuarifiwa, huku wananchi wakimuuliza mbona haonekani. Mbunge ambaye wakati huo alikuwa ameshachaguliwa mara tatu anafichwa ratiba katika eneo lake mwenyewe! Alilalamika kwa sauti, akaitwa mezani, akabaki katika chama. Chakraborty alichagua njia nyingine. Februari 2024 alimkabidhi Banerjee barua ya kujiuzulu, akisema siasa si fani yake, na hakuficha kinyongo chake na viongozi wa chama wa eneo lake. Simlaumu kwa kuondoka. Namlaumu aliyemwambia mwaka 2019 kwamba ushindi wa kura ndiyo mwisho wa kazi.

Mwezi huohuo Dev naye alionyesha dalili za kuondoka. Ghatal ni eneo linalofurika maji kila masika yanapozidi, na mradi wa kuyadhibiti umekuwa ukizungumzwa kwa miongo kadhaa. Kabla Dev hajakubali kugombea tena, Waziri Kiongozi alitangaza kwamba serikali ya jimbo itautekeleza mradi huo kwa fedha zake. Tazameni Dev alivyotumia kusitasita kwake: mikononi mwake umaarufu ukawa hoja ya kudai jambo la wapiga kura. Mnapofuatwa, semeni mnataka nini kwa ajili ya jimbo, na semeni hayo kabla ya kuchukua fomu, kwa maana baada ya hapo bei yenu imeshuka.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Jueni mipaka ya cheo: mbunge wa India hupewa mfuko wa rupia milioni 50 kwa mwaka, lakini hupendekeza tu miradi na watendaji wa wilaya ndio wanaoitekeleza, na katika kipindi cha Chakraborty mfuko huo ulisimamishwa kuanzia Aprili 2020 hadi Novemba 2021 kwa sababu ya korona, ilhali lawama za barabara mbovu hazikusimamishwa. Tunzeni hesabu zenu wenyewe. Msiitupe sanaa, Chakraborty aliendelea kuigiza, na mwaka 2023, akiwa bado mbunge, filamu yake akiwa ofisa wa polisi ilipendwa sana. Na msijibu kila tusi la mtandaoni.

Alipoondoka Chakraborty, chama kilimsimamisha Jadavpur mwigizaji mwingine, Saayoni Ghosh, naye akashinda mwaka 2024. Mtasema, basi ni sura tu imebadilishwa, na mwanzoni nami niliwaza hivyo. Lakini Ghosh aligombea ubunge wa baraza la jimbo huko Asansol mwaka 2021, akashindwa, na badala ya kurudi studio moja kwa moja alichukua uongozi wa jumuiya ya vijana ya chama chake, akaufanya kwa karibu miaka mitatu kabla ya kupewa Jadavpur. Kwa hiyo, wale mlioanguka kwenye kura za maoni na sasa mmezima simu, ziwasheni. Nendeni kwenye kikao cha tawi wiki ijayo, kaeni na akina mama wa jumuiya, na muulize ile zahanati isiyo na maji imefikia wapi.