Tuisheni tunalipa, lakini namna ya kusoma hawafundishwi

Ndugu Mhariri,

Nauza dagaa na kayabo (sangara wa chumvi) hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na nina binti yuko kidato cha pili. Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu. Walimu wa tuisheni nao wakisikia, sawa tu.

Watoto wanajaziwa masomo jioni hadi Jumamosi, ila jinsi ya kuyashika hakuna anayewaelekeza. Basi mtoto anarudia daftari lile lile, anapiga mistari kwa kalamu za rangi mpaka ukurasa unakuwa kama kitenge, analala akijua kaelewa. Wangu nilimuuliza osmosisi ni nini. Akanimwagia maana yake kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi. Haya, niambie kwa Kiswahili. Kimya. Nikamwonyesha sangara tuliowatia chumvi jana yake: haya maji yote yametoka wapi? Akatazama, akaanza mwenyewe kueleza chumvi inavyoyavuta kutoka ndani ya nyama, yakipita kwenye utando wa seli. Hilo hadi leo ukimuuliza analo.

Msidhani ni akili za sokoni tu. Mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu mwenyewe, akaandika mwaka 1885 kwamba tunachojifunza hupotea upesi mwanzoni, kisha polepole. Ndiyo maana kurudia somo kesho, halafu wiki ijayo, kunazidi kukesha usiku mmoja. Na mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari wasome. Wengine waliirudia kuisoma, wengine wakaiweka kando na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliachwa nyuma. Sasa mtihani wa Novemba unamsubiri nani dakika 5?

Kwetu kuna mzigo wa ziada: shule ya msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma kwa bibi yake, ndipo arudi kwenye Kiingereza cha mtihani.

Walimu wa tuisheni, kabla hamjawaruhusu watoto, madaftari yafungwe na kila mmoja aandike alichobaki nacho. Nasi wazazi tusiojua fizikia tushike daftari tuulize. Majibu si yamo humo humo?

Mama muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza