Themostati isiondolewe kwenye magari yetu madogo ya zamani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa magari wa Nairobi tunalijua fika, ila hatulisemi hadharani. Kila gari dogo la zamani linapokwama katikati ya msongamano wa Barabara ya Jogoo, au kwenye mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kwenda Kimende, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifoka, wapita njia husema kwamba gari limezeeka na lingefaa kuondolewa barabarani. Mimi nasema kwamba, mara nyingi, gari hilo halikuuawa na umri. Liliuawa siku fundi alipoing'oa themostati, kile kifaa kidogo kinachodhibiti joto la injini, na kuitupa, kisha akajaza radieta maji ya mfereji.

Sheria yetu hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, lakini likishaingia, hutumika hapa kwa muda mrefu mno kuliko lilivyotumika lilikotoka. Toyota Starlet iliacha kuundwa mwaka wa 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Vitz, na bado Starlet zinawapeleka watoto shuleni Kayole na kubeba mboga kutoka Soko la Wakulima. Wenye magari hayo si watu wa kununua jingine kesho. Ni walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, na gari likiharibika injini, ndiyo akiba ya nyumba nzima imeharibika. Kwa sababu hiyo naona uchungu ninapoliona limeuliwa na kitu cha bei ndogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

Themostati ni valvu iliyo katikati ya injini na radieta. Ndani yake mna nta ambayo hutanuka ikipata joto na kuisukuma valvu ifunguke. Nyingi za magari haya hufunguka maji yakifika takriban nyuzi 82, na nambari hiyo huwa imegongwa kwenye bati lake. Injini inapowashwa asubuhi, valvu hufunga njia ya radieta ili injini ipate joto lake upesi, kisha hufunguka kidogo kidogo kadiri inavyohitajika. Wenzangu wengi wanaamini kwamba kifaa hiki kiliwekewa nchi za theluji na kwamba Afrika hakina kazi. Imani hiyo si sahihi. Injini ya petroli haijui iko bara gani. Inataka joto lile lile Nairobi, Mombasa na Tokyo.

Ikiondolewa, maji huzunguka bila kizuizi na injini hubaki baridi kwa muda mrefu. Kompyuta ya gari, ikiona maji ni baridi, huongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na petroli hiyo ya ziada huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili yenyewe. Mwenye Vitz au Honda Fit anaweza kujionea mwenyewe: ile taa ya buluu kwenye dashibodi, ambayo ingezimika baada ya mwendo mfupi, hukaa ikiwaka safari nzima ya asubuhi, naye hujiuliza kwa nini gari dogo linakunywa mafuta kama matatu.

Wala si kweli kwamba kuiondoa kunalinda injini dhidi ya joto. Themostati za injini nyingi za Toyota za aina hii zina sahani ya pili upande wa nyuma, ambayo kazi yake ni kuziba njia ya mkato pale njia ya radieta inapofunguka. Ukiing'oa yote, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye radieta hata kidogo. Kwenye barabara tambarare hutaona tofauti. Panda mlima ukiwa na abiria wanne ndipo mshale wa joto utakapoanza kupanda, na fundi aliyekuambia amelimaliza tatizo atakuwa mbali nawe.

Hivi majuzi tuliletewa Starlet iliyokuwa ikipoteza maji na kutoa moshi mweupe. Tulipofungua kifuniko cha oili, upande wake wa ndani ulikuwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yamekwisha ingia kwenye oili. Nyumba ya themostati ilikuwa tupu. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama matope ya Kiambu wakati wa masika, na mapanga ya pampu ya maji yalikuwa yameliwa na kutu hadi yamebaki vijiti. Hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ilikuwa imepinda, ikabidi ipelekwe kukwanguliwa na kufungwa gasketi mpya. Injini ya Starlet hiyo, ya aina ya 4E-FE, ina bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Metali hizo mbili hazitanuki kwa kiwango kimoja, kwa hivyo joto likizidi, alumini ndiyo hupinda kwanza.

Hapo nafika kwenye suala la maji. Watu huniuliza kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya radieta, ni ya nini katika mji usio na barafu. Kutoganda ni kazi yake moja tu. Iliyo kubwa zaidi kwetu ni kwamba ina dawa za kuzuia kutu pale alumini na chuma vinapokutana na maji, na pia huchelewesha kuchemka. Maji matupu hayana kinga hiyo, na maji ya visima, ambayo mitaa mingi ya Nairobi sasa inayategemea, huongeza chumvi juu yake. Ule ukoko mweupe unaokaa ndani ya birika ndio unaoziba vijia vyembamba vya radieta. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa, ukibadilishwa kwa wakati ulioandikwa na watengenezaji, hauna gharama ya kumshinda mtu anayeweza kununua petroli.

Kifuniko cha radieta nacho hudharauliwa, na katika mji wetu hakistahili kudharauliwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo ndani ya mfumo na kukisogeza kiwango hicho kupita nyuzi 110. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji huanza kuchemka karibu na joto lile lile ambalo feni ya umeme huanzia kuzunguka, na hakuna feni itakayokuokoa hapo. Nimeona magari yakibadilishiwa pampu na kuzibuliwa radieta kwa kosa la kifuniko pekee. Kuhusu mtindo wa kuifunga feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote, niseme tu kwamba ni njia ya kuficha swichi au sensa iliyokufa, na mota ya feni itafuata.

Simlaumu fundi wa jua kali peke yake. Mara nyingi mteja amesimama pembeni, ana haraka, ana pesa kidogo, na anataka gari liondoke leo. Kuing'oa themostati huchukua dakika chache na gari huondoka. Lakini mteja ana haki ya kuambiwa kilichotolewa, na ninawasihi wenye magari wadai kipuri cha zamani mkononi kabla ya kulipa. Themostati hupimika bila mashine yoyote: itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko na uangalie, maji yakianza kuchemka iwe imefunguka wazi, na ukiyaacha yapoe ijifunge. Isipofanya hivyo, nunua nyingine yenye nambari ile ile. Anayeifunga ahakikishe kile kipini kidogo kinachochezacheza kimeelekea juu, kwa maana hapo ndipo hewa hutokea mfumo unapojazwa.

Wauzaji wa vipuri wa Barabara ya Kirinyaga nawaomba wasimuuzie mtu kifuniko cha radieta bila kutazama shinikizo lililoandikwa juu yake, kwa sababu cha gari moja si cha jingine hata kama vinaingiliana. Na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, inayowatahini mafundi kwa madaraja, ombi langu ni hili: katika mtihani wa vitendo, mtahiniwa wa ufundi wa magari apewe injini isiyo na themostati, asiambiwe chochote, na asifaulu mpaka aeleze mwenyewe kinachokosekana na madhara yake.

Wako mwaminifu,
Fundi wa magari,
Eneo la Viwanda, Nairobi