Kwa dada yangu aliyetoka wodini usiku wa kuamkia upasuaji wa kutoa kizazi

Shikamoo dada.

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Basi naandika hapa, kwa sababu najua unapita hapa kila usiku watoto wakishalala. Wengine watasoma pia. Wasome tu. Wapo wanawake wengi wenye karatasi ya tarehe ya upasuaji mkobani na hawajamwambia mtu.

Shangazi aliingia saa ya kuona wagonjwa, akaweka hotipoti juu ya kabati, akakaa ukingoni mwa kitanda chako. Akasema, wala hakupunguza sauti: "Wakishakutoa kizazi unabaki ganda. Na mwanamume halali na ganda." Wodi nzima ilisikia. Mama akainamisha uso. Wewe ukavuta khanga ukajifunika mpaka kidevuni. Sista alipokuuliza kama uko sawa, ukajibu uko sawa. Usiku ule ukaondoka, fomu umeshasaini, damu ya akiba imeshapimwa na kulinganishwa na yako, jina lako la kwanza kwenye orodha ya asubuhi.

Shangazi nimeshamalizana naye. Wewe ndiye unayeniuma. Ulimkabidhi uamuzi mtu ambaye hajawahi kuuliza ultrasaundi yako ilisemaje kuhusu uvimbe ulio kwenye kizazi.

Hofu sikulaumu. Kila mwanamke anayelala kwenye kile kitanda anaogopa, na anayesema haogopi huwa moyo wake unakwenda mbio kwenye mashine. Lawama yangu ni kwamba hofu yako uliizungusha kwa majirani, kwa wifi, kwa yule mama wa dawa za mitishamba, ila daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi hukuwauliza hata neno moja. Hofu ya kabla ya upasuaji si moja, dada. Ni nyingi zimefungwa furushi moja, na ukilibeba zima linakushinda. Lifungue, kila hofu umpelekee anayeweza kuijibu.

Unaogopa kufa mezani. Hiyo ya kwako ilikuwa na msingi, ndiyo maana hawakukupasua siku ya kwanza. Ulifika kliniki kipimo cha wingi wa damu, himoglobini, kikiwa gramu 6.4 kwa desilita, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Ukaongezewa chupa mbili, na chupa moja kwa kawaida hupandisha kama gramu 1 tu. Zilizobaki ulizipandisha mwenyewe kwa vidonge vya madini ya chuma mpaka ukagusa 10. Mwenye damu 10 anaweza kupoteza kiasi cha kawaida cha damu ya upasuaji akabaki salama. Mwenye 6 hana pa kupunguzia. Sasa tangu uondoke hedhi imeshapita tena, ile ya kubadilisha pedi kila saa na mabonge ndani yake, na kile tulichokijenga kinatoka.

Kwa hiyo usisubiri kuitwa. Rudi kwenye vidonge leo. Kile cha feras salfeti cha miligramu 200 kina madini ya chuma yenyewe miligramu 65. Kimeze na maji ya machungwa au ya ndimu, tumbo likiwa halijajaa. Chai ya rangi na maziwa vikae mbali nacho, angalau saa moja kabla na saa mbili baada, maana chai inakifungia mlango. Choo kitakuwa cheusi. Ni chuma hicho, usishtuke. Kikikufunga choo au kukuchafua tumbo, mwambie daktari akupangie siku moja ndiyo moja hapana, kuliko kukiacha kimyakimya kama ulivyofanya mara ya kwanza. Na omba tena ile dawa ya kupunguza damu wakati wa hedhi, asidi ya traneksamiki, inayomezwa kwa siku chache zile za damu nyingi tu, kwa sababu kumeza chuma huku damu inamwagika ni kazi bure. Mwenye historia ya damu kuganda mguuni au mapafuni haimfai. Wewe huna, ila daktari athibitishe.

Unaogopa kuamka katikati. Hii ni ya mtaalamu wa usingizi, na umwambie kwa maneno haya haya. Kama watakuchoma sindano ya mgongo, utakaa umeinama, mgongo umepinda, kidevu kifuani. Utahisi joto likishuka miguuni, kisha miguu inakuwa mizito kama si yako. Watajaribu ngozi kwa kitu cha baridi kabla ya kisu. Utahisi kuvutwa na kusukumwa, maumivu makali hapana, na ukiyahisi unasema hapo hapo wanaongeza dawa au wanakulaza kabisa. Unaweza kutetemeka meno yagongane, au kichefuchefu kikupande presha ikishuka. Yote mawili wanayatarajia na dawa zipo mkononi. Kama kizazi ni kikubwa sana, wengi huchagua kukulaza usingizi kamili tangu mwanzo. Uliza ni ipi, uliza na sababu. Mtu anayejua kitakachotokea dakika kwa dakika hutulia kuliko anayeambiwa "usiogope".

Na utulie kweli, kwa sababu hofu inaahirisha upasuaji. Presha ikigonga 180 kwa 110 wanaweza kukurudisha wodini. Dawa yako ya presha usiiruke asubuhi ile isipokuwa wamekwambia uiruke. Inamezwa na funda dogo la maji. Usiku wake omba kidonge cha usingizi, si aibu. Ukiwa kwenye benchi nje ya thieta, vuta pumzi puani ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu mdomoni ukihesabu mpaka 6, dakika tano. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Soma uradi wako hivyo hivyo, pumzi moja neno moja.

Mitishamba ya yule mama acha wiki mbili kabla. Sijui ndani mna nini, naye hasemi, na zipo zinazofanya damu isigande. Aspirini na dawa za maumivu unazonunua duka la dawa, zitaje zote.

Kuna hofu ndogo ambazo watu huzionea aibu, nazo ndizo zinazokimbiza wengi. Shanga za kiunoni: zitavuliwa. Zivue mwenyewe nyumbani uziweke salama, kuliko mtu akate uzi pale wodini mbele ya watu. Hina ya kucha na rangi ya kucha: kile kifaa cha kubana kidole kinasoma oksijeni kwa mwanga, na rangi nzito inaweza kukipoteza, basi acha hata vidole viwili vitupu. Nywele za chini usinyoe na wembe. Wembe unachana ngozi na vidudu vinaingia. Kama lazima zipungue, watazipunguza wenyewe kwa mashine. Chakula, muda wa saa 6 kabla ya upasuaji usitie kitu; maji matupu wengi huruhusu mpaka zibaki saa 2, ila fuata walichokuandikia. Mpira wa mkojo utawekwa ukiwa umeshapata ganzi au usingizi, na mara nyingi hutolewa kesho yake.

Sasa hili la ganda.

Unasema nilikuvua nguo mbele ya shemeji, mume wako, kwa kumtolea siri zako. Nilimwambia damu yako ni ngapi, nikamwambia uvimbe umefanya kizazi kiwe kikubwa kama mimba ya wiki 18, nikamwambia figo ya kulia imeanza kuvimba kwa sababu mrija wake unakandamizwa. Alidhani una tumbo la kawaida la hedhi. Ulikuwa unafua mashuka alfajiri asione. Hofu yako kubwa kupita zote ilikuwa juu yake, na ndiye pekee ambaye hukumuuliza. Ningenyamaza, Shangazi angebaki ndiye daktari wa nyumba yenu. Nilisema, na ningesema tena leo. Unajua alichouliza? Aliuliza kama utapona, na kama atatakiwa kutoa damu. Neno ganda halikutoka mdomoni mwake.

Wanaosoma wanisamehe, namwambia dada yangu. Uke haukatwi. Kizazi kinapotolewa pamoja na mlango wake, sehemu ya juu kabisa ya uke inashonwa ikafungwa, na utumbo unashuka kidogo kujaza nafasi. Hakuna shimo linalobaki. Kisimi kipo palepale na mishipa yake. Wengi waliokuwa na maumivu na damu isiyokoma husema tendo linakuwa rahisi kuliko zamani; wapo wachache wanaohisi kilele kimebadilika, nami sitakuficha hilo. Kinachotakiwa ni subira: wiki 6 mpaka 8, na daktari akague kwanza, maana ule mshono wa juu ukifumuka ni dharura ya kurudi thieta. Na wanaosema damu ya hedhi itakosa pa kutokea ipande kichwani, damu hiyo hutengenezwa na utando wa ndani ya kizazi. Kizazi kikiondoka, haitengenezwi.

Jambo linalostahili kukuhangaisha hukuliuliza hata kidogo: vifuko vya mayai. Kutoa kizazi si lazima kutoa vifuko. Vikibaki, homoni zinaendelea, ingawa ukomo wa hedhi unaweza kuwahi kidogo. Vikitolewa vyote viwili, ukomo unakuja kwa mkupuo: joto la ghafla, jasho usiku, usingizi kukatika, ukavu ukeni, na mifupa inahitaji kuangaliwa. Kwa umri wako wa miaka 43, na vifuko visivyo na tatizo, swali hili linahitaji jibu kabla ya kusaini, na jibu liandikwe kwenye fomu. Uliza pia kama mlango wa kizazi umepimwa saratani kabla ya siku hiyo, na kama kipimo cha utando wa ndani kinahitajika. Uliza mshono utakuwa wa chini kwenye mstari wa nguo ya ndani au wa wima kutoka kitovuni. Kwa ukubwa wa kizazi chako usishangae ukiambiwa wima. Uliza kama kutoa uvimbe peke yake kunawezekana. Kwako waliona uvimbe mwingi, kwenye ukuta na ndani; kuutoa mmoja mmoja kunaweza kumwaga damu nyingi zaidi, na mwingine huota tena. Lakini ni haki yako kulisikia hilo kutoka kwao. Sahihi kwenye ile fomu ni yako, mtu mzima mwenye akili timamu, na hata baada ya kusaini unaruhusiwa kubadili mawazo. Ungewaambia, dada. Ungewaambia mchana, wangekukalisha chini wakakueleza, badala ya kutoka na begi usiku huku unavuja.

Kulia nako kupo. Una watoto wanne na hukutaka wa tano, ulisema mwenyewe, na bado utalia. Mwili ulikuwa ukikuhesabia miezi tangu ukiwa msichana. Lia kabla, usiogope kwamba ni dalili ya kukosea. Wengine hulia tena siku chache baada ya upasuaji, maumivu yapo, gesi imejaa tumboni, usingizi hautoshi. Hilo hupita. Lisipopita wiki mbili, ukawa huli, hulali, huoni maana ya kuamka, hiyo nayo hutibiwa, sema.

Ukirudi nyumbani, ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa wiki 6 mwisho wako ni dumu la lita 5, na hata hilo si wiki za mwanzo. Mtoto wa mwisho atapanda mwenyewe kitandani akukumbatie. Tembea kila siku kidogo, tangu kesho yake ya upasuaji, damu isigande miguuni. Ukikohoa, bana tumbo kwa mto. Majimaji ya kahawia hutoka wiki kadhaa. Damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, homa ya 38, usaha, mkojo unaovuja wenyewe, shavu la mguu kuuma na kuvimba upande mmoja, kukosa pumzi: hayo huyasubirishi asubuhi.

Nimezungumza na kliniki. Watakupokea, hawatakugombeza, watapima damu upya ndipo wapange tarehe. Shemeji na kaka wako tayari kutoa damu, wote wana zaidi ya kilo 50 na afya njema. Wifi atalala na watoto. Usiku wa kabla ya upasuaji atakaa nawe mtu mmoja tu, umchague wewe, na kama si mimi sitanuna. Shangazi atakuja ukishatoka hospitali.

Chukua daftari uandike maswali yako, uyapeleke yameandikwa, maana mbele ya koti jeupe utayasahau yote. La kwanza liwe la vifuko vya mayai. Ukishaamua unavyotaka, nijibu, hata kwa neno moja, niwe najua nasimama upande gani tutakapoingia kwa daktari.